Imla kwa Simu hadi Kambove

Nilipoanza kazi katika ofisi yetu ndogo pale Lubumbashi, nilipewa meza karibu na dirisha, kiti kilichoyumba kidogo, na kazi ya vyeti vya seva za shule. Ofisi ilikuwa na programu yake ya seva iliyotengenezwa kwa ajili ya shule za mkoa wetu. Shule inaweka kompyuta moja katika chumba chake, programu yetu inakaa ndani yake, na wazazi wanafungua simu zao popote walipo na kuona alama za watoto, ratiba ya mitihani, siku ya mkutano. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa ameiandika mwenyewe akiwa na wazo moja kichwani: umeme ukikatika, programu isife. Na kweli haikufa. Umeme ulikatika asubuhi, ukakatika mchana, na kila uliporudi programu iliamka ikaendelea na kazi kama mtu aliyeshtuliwa kwenye usingizi wa baada ya chakula. Jambo la vyeti tu ndilo hakulitilia maanani. Alilikuta gumu, akaliacha gumu, kisha akanipa mimi.

Cheti cha seva si kitu cha ajabu. Ni kama kitambulisho. Mzazi anapofungua ukurasa wa shule, simu yake inaiuliza ile kompyuta: wewe ni nani? Kompyuta inaonyesha cheti, kilichotolewa na taasisi ambayo simu inaiamini, na simu inaridhika kwamba huyu ni shule yenyewe, si mtu mwingine aliyejivika jina la shule. Lakini kitambulisho hiki hakikai. Baada ya miezi mitatu hivi muda wake unaisha, na unatakiwa uwe umeleta kingine. Usipoleta, simu ya mzazi inafunga mlango, inaweka ukurasa mwekundu na kuonya kwamba huenda kuna wezi.

Wiki yangu ya kwanza ilikuwa bado haijaisha simu ilipolia. Sauti ilikuwa ya mwanamke, nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

“Allô. Ni kule banaangaliaka mashini ya masomo?”

Kwetu shule tunaiita masomo. Nikamwambia ndiyo, mama, ni hapa.

“Mie ni Madame wa Kambove. Bazazi banasema sisi ni bezi.”

Nikauliza ni wazazi gani waliosema hivyo.

“Bote. Kila mutu anafungua telefone yake, inamuonyesha rangi nyekundu, inamuambia, uchunge, kuko bezi. Jana kisha misa mama moja ameniuliza kama kweli masomo yetu imeekspire, sawa maziwa ya kopo. Nikamujibu: mama, hii masomo ilikuwako mbele ya weye na mie kuzaliwa, itaekspire namna gani?”

Nilicheka kabla sijajizuia. Nikadhani nimeharibu. Kisha yeye naye akaanza kucheka, kicheko kirefu kinachopanda ngazi, na tangu siku ile sikuwahi kumwogopa.

Madame alikuwa amefundisha upigaji wa mashine ya kuandika karibu maisha yake yote ya kazi. Wasichana wengi walioketi nyuma ya madawati ya ofisi huko Kambove, mji wa migodi, na Likasi jirani yake, walipitia mikononi mwake. Alipoacha darasa, shule ikamweka kuwa katibu na kumkabidhi ile kompyuta, kwa kuwa ndiye pekee ambaye vidole vyake havikuwa na woga. Mkuu wa shule, ambaye sisi huku tunamwita prefe, alikuwa na sharti moja tu: hakuna mtu wa nje kuingia katika kompyuta ya shule kupitia mtandao. Nilipomwomba Madame anifungulie nimalize kazi mwenyewe nikiwa Lubumbashi, alinijibu kwa upole kwamba prefe amekataza, na neno la prefe ni kama ukuta.

Ikabaki njia moja. Mimi niseme, yeye aandike.

Hivyo ndivyo tulivyoanza imla yetu. Kupata cheti kipya kulikuwa na safari ndefu siku zile. Unatengeneza ufunguo wa siri. Unaandika ombi kwa lugha ambayo hakuna mtu anayeizungumza. Unaweka faili la ushahidi mahali ambapo taasisi itakuja kulitazama, ili ijue kwamba jina lile ni lako kweli. Ukipokea cheti, unakiunganisha na cheti kingine cha katikati kinachokidhamini, kisha unafungua faili la mipangilio la programu yetu, lenye mistari mingi iliyosongamana, na kuiambia kila kitu kiko wapi. Ukikosea alama moja, programu inakataa kuamka.

Mara ya kwanza nilisema “espace,” nikimaanisha aache pengo, naye akaandika neno espace, herufi kwa herufi, kwa usahihi kamili. Kompyuta ikakataa. Tukarudia, ikakataa. Ilichukua muda nigundue kinachoendelea, kwa sababu yeye alinisomea alichoandika na mimi nilisikia nilichotaka kusikia.

“Tuipatie jina ingine,” akasema. “Tuiite shimo. Hapa Kambove mashimo haitukosekane.”

Basi pengo likawa shimo, na nukta mkato ikawa nukta yenye mkia. Mtu aliyepita nyuma ya kiti changu siku zile alinisikia nikisema katika simu, kwa uso wa kazi: shimo, mstari wa kulala, shimo, nukta yenye mkia, shuka chini. Na kule Kambove nikasikia vidole vyake vikipiga kwa kasi moja isiyobadilika, kama mvua iliyoamua kunyesha. Hakuwahi kuniomba nirudie. Nikinyamaza ndipo aliponiambia, “Nakungojea, mutoto yangu.”

Kila baada ya miezi mitatu, basi, tulikuwa na asubuhi yetu. Na kwa kuwa kulikuwa na vipindi vya kungoja, taasisi ijibu, faili lishuke, mtandao urudi, tuliongea. Alijua kwamba naishi mtaa wa Annexe na mama yangu, kwamba wazazi wangu walitoka Kasai, kwamba mama analima mahindi nyuma ya nyumba na kuyachunga dhidi ya mbuzi wa jirani kwa vita isiyo na mwisho. Mimi nikamjua mume wake, mstaafu wa mgodi, anayependa redio kuliko watu. Siku moja nikamwambia kwamba kikanda, kile chakula cha huku kinachouzwa kwa vipande, ninakula tu cha kununua, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna anayejua kukipika.

“Hakuna?” akasema. “Uchukue kalamu.”

Na safari ile ni yeye aliyesema na mimi niliyeandika. Viazi vidogo vya porini vilivyokaushwa na kutwangwa, unga wa karanga, magadi kidogo tu, pilipili, na mkono usiochoka kukoroga mpaka chungu kianze kukataa mwiko. Alinisomea kama darasa lake la zamani, akinipa nafasi mwisho wa kila sentensi. Cheti cha shule kilifika wakati tukiwa kwenye karanga, tukakiacha kingoje.

Mama yangu alikipika Jumapili iliyofuata. Alikitazama kikiiva kwa mashaka ya mtu wa Kasai anayeona chakula kikigeuka kuwa kitu cha kukatwa kwa kisu. Alikula kipande kimoja, akakata kingine.

Kisha likaja kosa la saba.

Ilikuwa majira ya matokeo, wakati ambao wazazi wa Kambove hufungua ukurasa wa shule tangu alfajiri. Cheti kilikuwa kimeisha muda, tukafanya imla yetu kama kawaida, Madame akaandika yote, na programu ikakataa. Ilitoa maneno mawili tu: kosa, saba. Tukafuta tukaandika tena. Kosa la saba. Nikatafuta katika karatasi zetu zote maana ya saba ni nini, nikamuuliza mkubwa wangu, naye akakuna kichwa na kusema kwamba aliandika ile namba zamani na sasa hakumbuki alikuwa anamkasirikia nani.

“Uende,” akaniambia. “Uende ukaione mwenyewe.”

Nilifika Kambove kabla ya saa sita mchana, nguo zimejaa vumbi la magari ya mgodi. Kwa sauti ile nilimtarajia mwanamke mkubwa. Aliyetoka ofisini kunipokea alinifikia begani. Alikuwa amejifunga liputa, kitenge cha bluu, na kilemba chake, miwani imening'inia kifuani, na alinishika mikono yote miwili akanitazama kama anayesoma karatasi.

“Kumbe weye njo mwenye mashimo,” akasema.

Chini ya meza yake palikuwa na sanduku la mbao, kwa sababu miguu haikufika sakafuni. Alipanda kiti, akaweka miguu juu ya sanduku, akanyoosha mgongo, na hapo nikaona kwa macho kile nilichokuwa nakisikia. Hakutazama vidole hata mara moja. Tuliketi pamoja mbele ya kioo cha kompyuta, nikaanza kupitia mafaili moja moja, na baada ya muda nikaliona kosa la saba. Mstari wa mwisho wa cheti cha kwanza ulikuwa umegandana na mstari wa kwanza wa cheti cha katikati. Faili lilikuwa limefika kutoka kwa taasisi bila kushuka mstari mwishoni. Hicho tu. Kati ya vyeti viwili palitakiwa pawe na pumzi moja, na pumzi ile haikuwepo.

Nikamwonyesha kwa kidole. Madame akavaa miwani.

“Ni retour chariot,” akasema polepole.

Kwenye mashine zile za zamani za kuandika, ukifika mwisho wa mstari unasukuma mkono wa chuma na gari la karatasi linarudi kuanza mstari mpya. Hilo ndilo jina lake.

“Miaka yote ile,” akasema, “kila asubuhi, niliambiaka babinti: kama mustari imeisha, murudishe chariot. Sasa hawa bantu ya sertifika nani alibafundisha?”

Akapiga kitufe kimoja. Programu ikaamka. Kufuli dogo, ile alama ya kwamba cheti kiko sawa, likajitokeza juu ya ukurasa wa shule, na Madame akaanza kucheka kile kicheko chake cha kupanda ngazi, mpaka akavua miwani na kujifuta macho kwa ncha ya liputa. Mimi nilikuwa tayari nimeegemea meza. Mwalimu mmoja alichungulia mlangoni kuona kuna nini, na hatukuweza kumweleza.

Alinipeleka kwake kula. Kulikuwa na bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo na samaki waliokaushwa, na mume wake alizima redio kwa heshima yangu, jambo ambalo Madame alinieleza baadaye lilikuwa kubwa. Tukiwa tunakula akasema, bila uchungu wowote, “Hii mashini yako inapenda kuuliza sawa bantu ya bureau. Unaandika jina yako juu ya karatasi, unamupa, anaisoma, anakuuliza: jina yako ni nani?”

Nilicheka na wengine. Lakini gari liliporudi kupitia Likasi, nilikuwa bado nalichezea lile neno. Nikajaribu kukumbuka kila swali ambalo faili letu la mipangilio huuliza. Jina la shule mtandaoni: hilo lazima programu iambiwe. Ufunguo uko wapi: imeutengeneza yenyewe. Ombi liko wapi: imeliandika yenyewe. Cheti kiko wapi, cha katikati kiko wapi, vimeunganishwa kwa utaratibu gani: vyote vimepita mkononi mwake. Kumbe yote yale tuliyokuwa tukiimba kwa simu, mashimo na mikia, yalikuwa ni mimi na Madame tukiihadithia kompyuta mambo iliyoyafanya yenyewe. Nikaanza kucheka peke yangu, na mama mmoja aliyekuwa amebeba kuku karibu nami akasogea kidogo.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia mkubwa wangu nataka faili la mipangilio libaki na mstari mmoja.

“Mmoja wa nini?”

“Jina la shule.”

“Na mengine?”

“Programu itafanya yenyewe.”

Alisita. Alisema wapo watu wanaohitaji kuweka kila kitu kwa mkono wao. Nikamwambia yule mwenye kuhitaji ataikuta mistari yake palepale, hatutamnyang'anya, ila asiyeihitaji asilazimishwe kuiona. Alifikiri mpaka kahawa yake ikapoa, kisha akaniambia nijaribu.

Sikuvumbua kitu kipya duniani. Mahali pengine zilikuwepo tayari programu zinazojitafutia vyeti. Kazi yangu ilikuwa kuifundisha ya kwetu, yenye tabia zake, katika nchi ambapo umeme unaweza kuondoka katikati ya sentensi. Hapo ndipo penye utamu wote. Itakuwaje umeme ukikatika baada ya kutuma ombi na kabla ya kupokea cheti? Itakuwaje ukikatika wakati cheti kimeandikwa nusu? Nikaamua cheti cha zamani kisiguswe mpaka kipya kiwe kimefika chote na kukaguliwa. Nikaamua programu ianze kutafuta mapema, muda mrefu kabla ya kuisha, ikikosa leo ijaribu kesho bila haraka. Na kwa majaribio nilichomoa waya wa kompyuta ukutani, nikauchomeka, nikauchomoa tena, mchana kutwa, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza ile mashine ilinikosea nini. Kila ilipoamka ikaendelea pale ilipoachia, nilipiga meza kwa kiganja. Nimewahi kufurahi kazini mara nyingine, lakini si kwa namna ile.

Yakabaki maneno. Nilikuwa nimeapa kwamba kosa la saba halitamsumbua mtu mwingine. Kila kosa litasema kwa Kiswahili limekuwa nini. Niliyaandika kwa fahari, nikampigia Madame na kumsomea.

“Uthibitishaji wa umiliki wa jina la kikoa umeshindikana,” nikasoma.

“Hii ni Kiswahili ya wapi?” akauliza.

“Ni sanifu, Madame.”

“Ni muzuri. Inapendeza sikio. Sasa mutu ya Mitwaba akiisoma, atajua afanye nini?”

Nikakubali kwamba huko Mitwaba, mbali kaskazini, hatajua. Basi tukaanza imla ya tatu, ngumu kuliko zote, kwa sababu safari hii hakuna aliyekuwa na jibu mkononi. Tulipima maneno kwa siku kadhaa. Mimi nilitaka usahihi, yeye alitaka mtu aliyekaa peke yake mbele ya kompyuta asiachwe bila la kufanya. Nilipoandika “batili” akakataa, akisema ni neno la mahakama. Yeye alipotaka kuongeza “pole sana” mwanzoni mwa kila kosa, mimi nikakataa, tukabishana, na mwisho akaniachia hilo kwa masharti kwamba kosa moja, lile la mtandao kupotea kabisa, libaki na pole yake. Limebaki nayo mpaka leo. Ule ujumbe wangu wa fahari ukawa: “Jina hili sikulipata kwenye mtandao. Tazama kama umeliandika vizuri, herufi kwa herufi.”

Siku ya kuweka programu mpya nilikwenda Kambove mwenyewe. Madame alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameweka tangazo mlangoni kwamba ofisi imefungwa kwa kazi, amefuta meza, ameweka sanduku lake sawasawa, na alipoketi alikunjua vidole mara mbili tatu kama mpiga kinanda wa kanisani. Nikamwambia aandike jina la shule. Akaliandika. Nikamwambia apige kitufe cha mwisho. Akapiga. Kufuli likajitokeza.

Akabaki ameweka mikono juu ya vitufe.

“Tuendelee,” akasema.

“Imeisha, Madame.”

“Imeisha namna gani?”

“Ni hivyo tu. Na itafanya yenyewe kila mara.”

Akageuka akanitazama, na niliona usoni pake kitu ambacho sikukitarajia. Alikuwa amesikitika. “Na mie nilishapasha vidole moto,” akasema. Sikujua kama nicheke au nimwombe radhi. Nilishika bega lake. Kisha nikaona pembe ya mdomo wake ikianza kupanda, akaniomba nifute kila kitu, turudi mwanzo, ili aandike tena mbele ya prefe.

Prefe alikuja, mwanaume mrefu mwenye koti, akasimama nyuma yetu mikono imefungwa mgongoni. Madame akaandika jina, akapiga. Kufuli.

“Nani ameingia ndani ya mashini?” prefe akauliza.

“Hakuna mutu, Monsieur le Préfet,” akasema Madame. “Mashini njo inatoka yenyewe, inaenda kutafuta, inarudia.”

Prefe akalipima jambo hilo. Sharti lake lilihusu kuingia. Kuhusu kutoka hakuwa amesema neno. Hatimaye akaitikia kwa kichwa, na nadhani alifurahi kwamba ukuta wake umebaki umesimama.

Lakini ushindi wenyewe ulikuwa bado. Kuweka ni kitu kimoja. Kinachotakiwa ni kompyuta ijibadilishie cheti bila mkono wa mtu. Nilijua siku ambayo ingeanza kutafuta, na sikuweza kukaa Lubumbashi kuingoja. Mama yangu aliposikia ninarudi Kambove akasema safari hii habaki nyuma, anataka kumwona huyo mwanamke wa kikanda. Akapika chake, akakifunga katika kitambaa, tukaenda.

Tulikaa wanne mbele ya kioo tangu asubuhi: mimi, mama, Madame na mwalimu yule aliyechungulia zamani, ambaye safari hii aliingia kabisa. Programu huandika kila inachofanya, mstari baada ya mstari. Kwa muda mrefu haikuandika kitu. Madame na mama walianza kwa heshima, jambo mama, jambo sana, habari ya njiani, kisha wakaingia kwenye kikanda. Madame alikata kipande, akakitafuna macho yamefumba.

“Imekosa pilipili,” akasema.

“Ni binti aliandika vibaya,” mama akajibu, bila hata kunitazama.

Walikuwa bado wananijadili mimi na pilipili mwalimu aliposema, “Angalieni.” Mstari ulikuwa umejitokeza: naanza kutafuta cheti kipya. Tukasogea wote karibu na kioo. Ukaja mwingine: nimetuma ombi. Kisha umeme ukakatika.

Feni juu yetu ilipunguza mwendo hadi ikasimama. Mama akasema kitu kwa Kiluba cha Kasai ambacho sitakiandika. Mimi niliinuka kwenye kiti, ingawa nilikuwa nimechomoa ule waya ukutani mara nisizoweza kuzihesabu. Kuchomoa mwenyewe si sawa na kuchomolewa. Tukangoja. Madame aliendelea kukaa wima, miguu juu ya sanduku, akitazama kioo cheusi kama mtu anayemngoja mwanafunzi mzuri ajibu.

Umeme ukarudi. Kompyuta ikaamka, programu ikaamka nyuma yake, na ikaandika: nilikatizwa, naendelea. Halafu: cheti kipya kimefika, nimekikagua, kiko sawa. Halafu: wazazi wanaweza kufungua.

Madame alishuka kwenye kiti, akamshika mama yangu kiunoni, na wale wanawake wawili wakacheza pale ofisini, kati ya meza na kabati la mafaili, wakiimba wimbo ambao mmoja aliujua na mwingine aliufuata tu. Mwalimu alipiga makofi. Mimi nilitoa simu yangu na kufungua ukurasa wa shule, nikaufunga, nikaufungua tena, bila sababu yoyote.

Shule nyingine zilifuata moja baada ya moja, nami sikuhitaji kwenda. Mkubwa wangu aliniomba nimwonyeshe lile faili la mipangilio siku tuliyolipeleka kwa wote. Akalifungua, akasoma mstari ule mmoja, akateremsha ukurasa kutafuta mengine, akapandisha, akateremsha. “Nilikuwa na mistari mingi mizuri,” akasema, kisha akanipa mkono.

Mwaka huu, katika likizo kubwa, Madame alikwenda Mitwaba kwa dada yake. Nilikuwa sokoni na mama, nachagua nyanya, aliponipigia. Nilijibu kwa wasiwasi, nikasema niko sokoni na mama, nikauliza kuna tatizo gani Kambove.

“Kambove hakuna kitu. Niko Mitwaba. Kuko masomo huku, beko na mashini, hakuna mutu ya kuiangalia. Nikabaambia, mie nitaweka.”

“Umeweka, Madame?”

“Nimeweka. Nikaandika jina, mashini ikakataa. Ikaniambia haikulipata kwenye mtandao, nitazame kama nimeliandika vizuri, herufi kwa herufi. Nikatazama. Bao benyewe balinipa jina bila herufi moja ya katikati. Nikaiongeza, ikakubali.”

“Hukunipigia,” nikasema.

“Ningekupigia ya nini? Ilishaniambia.” Nyuma yake nikasikia sauti za watu na mtwangio ukipiga kinu. “Sasa dada yangu anauliza juu ya mahindi ya mama yako. Ile mbegu anapandaka, anaipataka wapi? Umupe telefone.”

Nikampa mama simu. Akaiweka sikioni, akaweka kikapu chini, akatafuta mahali pa kukaa, na mimi nikaendelea kuchagua nyanya.